Kantata ya Pentekoste ya Bach (BWV 172): Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya ni ya mwanafunzi wa muziki wa kanisa anayejiandaa na mtihani wa historia na uchambuzi. Kazi inayochambuliwa ni Erschallet, ihr Lieder ya Johann Sebastian Bach. Tafuta rekodi uisikilize mwanzo hadi mwisho kabla ya kusoma. Itakuchukua nusu saa au pungufu kidogo. Alama zilizotajwa ni za kukusaidia kupima urefu wa jibu.

SEHEMU A: MAJIBU MAFUPI

1. Kantata takatifu ya enzi ya Baroki ni nini? (alama 4)

Ni kazi ya muziki kwa waimbaji na ala, yenye vipande kadhaa vinavyofuatana, iliyotungwa kwa ajili ya ibada ya siku maalumu. Enzi ya Baroki huhesabiwa kuanzia mwaka 1600 hivi hadi 1750. Katika makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani, kantata ilisimama karibu na somo la Injili na mahubiri, na kazi yake ilikuwa kulifafanua Neno la siku hiyo kwa sauti. Mwanzoni mwa karne ya 18 washairi wa kanisa, Erdmann Neumeister akiwa mstari wa mbele, walianza kuandika maneno kwa mtindo uliotoka kwenye opera: resitativi, ambayo ni uimbaji unaofuata mwendo wa usemi, na aria, ambayo ni wimbo wa mwimbaji mmoja unaotulia juu ya wazo moja. Bach aliupokea mtindo huo akauchanganya na mistari ya Biblia na tenzi za kanisa.

2. BWV 172 ilitungwa lini, wapi na kwa nafasi gani? (alama 5)

Iliimbwa mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1714, Jumapili ya Pentekoste, katika kanisa la kasri la mtawala wa Weimar, Ujerumani. Bach alikuwa na miaka 29. Tarehe 2 Machi mwaka huo alikuwa amepandishwa cheo kuwa kiongozi wa wapiga ala wa kasri, kwa sharti la kutoa kantata mpya kila mwezi. Hii ilikuwa ya tatu chini ya sharti hilo, baada ya ile ya tarehe 25 Machi (BWV 182) na ile ya tarehe 22 Aprili (BWV 12).

Kanisa lenyewe liliitwa Himmelsburg, na wanamuziki walikaa kwenye roshani iliyokuwa juu sana, karibu na dari. Waumini waliokuwa chini walisikia muziki ukiwashukia kutoka juu. Jengo hilo liliteketea kwa moto mwaka 1774.

3. Nani aliandika maneno yake? (alama 2)

Yanahesabiwa kuwa ya Salomo Franck, mshairi wa kasri la Weimar. Ukiandika "inaaminika ni Franck" utapata alama zote. Ukiandika kwamba Bach ndiye aliyetunga maneno, utapoteza. Kumbuka pia kwamba maneno yote si ya mshairi mmoja: kipande cha pili ni mstari wa Biblia, na cha sita ni ubeti wa utenzi wa Philipp Nicolai.

4. Masomo ya siku yalikuwa yapi, na yana uhusiano gani na kantata? (alama 4)

Somo la waraka lilitoka Matendo ya Mitume 2:1–13, habari ya Roho Mtakatifu kuwashukia mitume kwa uvumi wa upepo na ndimi za moto. Injili ilitoka Yohana 14:23–31, ambamo Yesu anaahidi kwamba yeye na Baba watakuja kufanya makao kwa mtu ampendaye.

Angalia ni lipi lililotawala. Mtunzi mwingine angeushika moto na upepo, maana ndivyo vinavyoonekana na kusikika. Kantata hii imeyashika makao. Upepo umo, lakini umefanywa mtulivu. Moto hauna kipande chake. Swali linalouongoza muziki wote ni moja: Mungu mkuu namna hii atakaaje ndani ya moyo mdogo wa mtu? Lishike swali hilo, kwa sababu majibu ya Sehemu B yote yanalitegemea.

5. Orodhesha sauti na ala zinazotumika. (alama 4)

Waimbaji: soprano, alto, tena na besi, kama waimbaji pekee na kama kwaya. Ala: matarumbeta matatu, timpani, oboi, basuni, fidla mbili, viola mbili na kontinuo. Kontinuo ni besi isiyokatika, ambayo kwa kawaida hupigwa na selo pamoja na ogani inayojaza kodi. Matarumbeta na timpani ndiyo alama ya sikukuu. Katika Ujerumani ya wakati huo zilikuwa ala za watawala na majeshi, na zilipoingia kanisani kila msikilizaji alijua kwamba mfalme anatangazwa.

SEHEMU B: UCHAMBUZI

6. Onyesha mpangilio wa vipande vyote. (alama 6)

Kipande cha 1: kwaya, ala zote, C meja.
Kipande cha 2: resitativi ya besi, kontinuo, kutoka A maina hadi C meja.
Kipande cha 3: aria ya besi, matarumbeta matatu, timpani na kontinuo, C meja.
Kipande cha 4: aria ya tena, fidla na viola zikipiga sauti moja, pamoja na kontinuo, A maina.
Kipande cha 5: wimbo wa wawili, soprano na alto, oboi na selo, F meja.
Kipande cha 6: korali, kwaya na ala, fidla ikiwa na sauti yake juu, F meja.
Baada ya hapo: kwaya ya kwanza inarudiwa yote.

Isome safu ya ala kutoka juu kwenda chini. Ukiiacha resitativi, kutoka kipande cha kwanza hadi cha tano idadi ya ala inapungua: kwanza zote, kisha matarumbeta, kisha nyuzi peke yake, mwishoni oboi moja na selo moja. Maneno nayo yanakwenda njia hiyohiyo: kutoka wito kwa waumini wote hadi mazungumzo ya faragha kati ya nafsi na Roho. Mtahini anayeuliza kuhusu "umoja wa kazi" anataka uone hilo.

7. Eleza jinsi kwaya ya kwanza ilivyojengwa. (alama 8)

Umbo lake ni A–B–A: sehemu ya kwanza, sehemu ya kati, kisha ya kwanza inarudi kama ilivyokuwa. Mapigo ni 3/8, yenye mwendo wa kucheza.

Sehemu A inaweka makundi matatu yanayoitikiana: matarumbeta, nyuzi zikiwa na basuni, na kwaya. Matarumbeta yanatoa mwito mfupi, nyuzi zinajibu kwa noti zinazokimbia, na kwaya inaingia sauti zote nne zikienda pamoja, ili maneno yasikike wazi. Maneno yanapoutaja wakati huo wa baraka, mwendo unasimama kidogo juu ya kodi zenye noti ya saba, kana kwamba waimbaji wamegoma kuuacha upite.

Sehemu B inahamia A maina. Sauti zinaingia moja baada ya nyingine, kila moja ikiiga iliyotangulia. Besi inaanza, zinafuata za juu yake hadi soprano, na maingilio yanazidi kukaribiana mpaka muziki unashikana. Baada ya kutua kwenye E maina, uigaji unaanza tena, sasa kutoka sauti ya juu. Ala zilizobaki hazina la kwao. Zinafuata waimbaji noti kwa noti. Maneno ya sehemu hii yanasema Mungu mwenyewe ataziandaa nafsi ziwe mahekalu yake. Muziki nao unafanya kazi ya ujenzi: unapanda kutoka msingi, sauti juu ya sauti, kama waashi wanavyopanga kozi za matofali.

8. Kwa nini matarumbeta yananyamaza katika sehemu B? (alama 4)

Zipo sababu mbili, na jibu zuri linazitaja zote.

Ya kwanza ni ya kiufundi. Tarumbeta la Baroki halikuwa na valvu. Lilikuwa bomba refu la shaba lililotoa noti za mfuatano wa asili tu: chini noti chache zilizoachana, juu zaidi noti zinazokaribiana kiasi cha kuweza kupiga wimbo. Tarumbeta la C lingepata taabu kuufuata muziki ulioingia A maina na E maina. Timpani mbili nazo kwa kawaida zilikazwa kwa C na G pekee.

Ya pili ni ya maana. Sehemu A ni wito wa kushangilia na sehemu B ni kazi ya Mungu ndani ya nafsi. Bach amegeuza upungufu wa ala kuwa usemi: tangazo linapokwisha, watangazaji wanakaa kimya.

9. Resitativi ya besi inatoa wazo gani, na kwa njia zipi? (alama 5)

Maneno ni ahadi ya Yohana 14:23. Katika muziki wa Kilutheri wa wakati huo, maneno ya Kristo kwa desturi yalipewa besi, kwa hiyo msikilizaji alijua ni nani anayesema. Kipande kinaanza kama usemi mkavu juu ya kontinuo, kisha kinageuka polepole kuwa wimbo, yaani arioso, ahadi inapokaribia kilele. Mwishoni, maneno yanapofikia kukaa pamoja na mtu, sauti inateremka hadi C ya chini sana na kutulia hapo. Makao yamefanywa yasikike: muziki umefika chini na hauna haja ya kwenda popote. Kosa la watahiniwa wengi ni kuandika tu kwamba "besi inaimba noti ya chini". Sema noti hiyo inaangukia maneno gani, na kwa nini.

10. Namba tatu inajitokezaje katika aria ya besi? (alama 5)

Aria hii inaelekezwa kwa Utatu Mtakatifu. Matarumbeta ni matatu. Aria ina sehemu tatu. Wimbo mkuu umejengwa juu ya noti za kodi ya meja, nazo ni tatu. Ni mpangilio wa nadra pia: mwimbaji mmoja amesindikizwa na matarumbeta na timpani bila fidla wala viola, kwa hiyo lazima awe na sauti nene na pumzi ya kutosha.

Usiishie kwenye kuhesabu. Maneno yanamwalika Mungu mwenye utukufu wote aje kwenye kibanda cha moyo, hata kama ni kidogo na duni. Kwa hiyo ala za kifalme zinamsindikiza mtu mmoja anayekiri udogo wake. Mvutano huo wa ukuu na udogo una uzito kuliko hesabu ya tatu.

11. Aria ya tena inatofautianaje na ya besi? (alama 5)

Shaba na ngoma zimeondoka. Fidla na viola zote zinapiga mstari mmoja unaopanda na kushuka katika mapigo ya 3/4, bila pengo kubwa la kupumzika. Maneno yanaitaja nafsi kuwa bustani ya Mungu, ambamo Roho yuleyule aliyevuma wakati wa uumbaji anapita. Mstari wa nyuzi ndio huo upepo. Bach ameunganisha Mwanzo 1 na Matendo 2 bila kutumia kelele: upepo wa Pentekoste hapa hauvunji mlango, unapita taratibu kati ya miti. Ufunguo wa A maina unaendana na utulivu huo.

12. "Kipande cha tano kina waimbaji wawili lakini nyimbo nne." Fafanua. (alama 8)

Soprano ni nafsi inayomsihi Roho aje bila kukawia. Alto ni Roho anayejibu na kufariji. Mazungumzo yao yana lugha ya mahaba inayofanana na ya Wimbo Ulio Bora, na waumini wa wakati huo walikwisha kuizoea lugha hiyo katika ibada.

Chini yao selo ina mstari wake wenyewe, unaorudiarudia umbo lake na kukibeba kipande kizima. Juu yao oboi inapiga utenzi wa Martin Luther wa Pentekoste, Komm, Heiliger Geist, Herre Gott, wa mwaka 1524. Utenzi huo umepambwa kwa noti nyingi za madoido hata asiyeuzoea anaweza kudhani ni wimbo mpya. Hauna maneno hapa. Muumini aliyeujua ndiye aliyeyajaza kichwani.

Nyimbo nne basi ni soprano, alto, oboi na selo. Faida yake kwa maana ni kubwa. Wawili wanasema siri zao, huku oboi ikiwakumbusha kwamba kanisa zima limekuwa likiomba ombi hilohilo tangu enzi za Luther. Hapa ndipo muziki ulipofika faragha kabisa, na hapohapo sala ya watu wote imo ndani.

13. Korali ina kazi gani, na kwa nini kwaya ya kwanza inarudiwa? (alama 5)

Korali ni ubeti wa nne wa Wie schön leuchtet der Morgenstern wa Philipp Nicolai, utenzi uliotoka mwaka 1599. Sauti nne zinaimba utenzi unaojulikana, na fidla inaongeza sauti ya tano juu yao. Baada ya mazungumzo ya wawili, waumini wanasema kwa umoja kwamba wamepata mwanga wa furaha kutoka kwa Mungu.

Korali inaishia kwenye F meja, na kazi ilianza kwenye C meja. Kurudia kwaya ya kwanza kunarudisha ufunguo wa nyumbani, matarumbeta na timpani. Kunabadilisha pia namna ya kusikia. Mara ya kwanza kwaya hiyo ilikuwa wito kwa watu wanaongoja. Mara ya pili inaimbwa na watu waliokwisha kupokea mgeni.

SEHEMU C: MASWALI YA INSHA

14. Linganisha matumizi ya kantata hii Weimar na Leipzig. (alama 10)

Hoja za kutumia:

Mahali. Weimar ilikuwa ibada ya kasri, mbele ya mtawala na watu wake. Leipzig, Bach alikofanya kazi kuanzia 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, ilikuwa ibada ya mji mzima. Katika sikukuu kubwa kantata iliimbwa katika makanisa mawili makuu, Thomaskirche na Nikolaikirche, moja asubuhi na jingine alasiri.

Kalenda. Leipzig iliadhimisha Krismasi, Pasaka na Pentekoste kwa siku tatu kila moja, na kila siku ilihitaji muziki. Kantata ya zamani iliyo tayari ilikuwa msaada mkubwa. Bach aliirudisha hii tarehe 28 Mei 1724, na tena tarehe 13 Mei 1731.

Mabadiliko. Mwaka 1724 ilipandishwa hadi D meja. Baadaye ilirudi C meja, na katika wimbo wa wawili ogani ilishika sehemu za oboi na selo.

Hitimisho. Kutumia tena kazi hakukuwa uvivu. Somo la Injili lilirudi kila mwaka, na muziki uliolifafanua vizuri ulistahili kurudi nalo. Kila mara Bach aliurekebisha uwafae wapigaji aliokuwa nao.

15. "Muziki wa sikukuu ni muziki wa kelele." Jadili kwa kurejelea BWV 172. (alama 15)

Anza kwa kukubali lililo kweli. Matarumbeta, timpani, C meja na mapigo ya kucheza vinaitangaza sikukuu tangu sekunde ya kwanza, na bila hivyo waumini wa 1714 wasingeitambua siku yenyewe kwa masikio.

Kisha leta pingamizi. Ukiondoa marudio ya mwisho, matarumbeta yana kazi kubwa katika vipande viwili tu, cha 1 na cha 3. Vipande vinavyogusa kiini cha Injili ya siku, yaani cha 2 na cha 5, ni vya sauti chache. Toa ushahidi: C ya chini ya besi, mstari mmoja wa nyuzi, oboi inayoficha utenzi.

Malizia kwa msimamo. Kelele katika kazi hii ina mipaka na ina sababu. Inamtangaza anayekuja, ukimya unaeleza anakokuja kukaa. Sikukuu imepatikana kwa kuviweka viwili hivyo katika mpangilio huu, na kingepungua kimoja, kingine kisingekuwa na maana. Insha inayosimama upande mmoja tu haivuki nusu ya alama.

16. Je, upo uhusiano wa kweli kati ya urithi huu na Afrika Mashariki? (alama 5)

Upo, lakini uwe mwangalifu kuueleza. Wamisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na makanisa yaliyotokana na misheni mbalimbali yaliungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kilichofika ni korali: tenzi za Kijerumani zilizotiwa Kiswahili na kuimbwa kwa sauti nne. Kantata zenye okestra hazikuwa sehemu ya ibada za misheni. Kwa hiyo mwanakwaya wa Moshi au Arusha anashiriki na Bach malighafi ileile, utenzi wa kanisa. Usiandike kwamba kantata "ililetwa na wamisionari".

MAKOSA YA KUEPUKA

Kusema kwamba Bach aliitunga kazi hii Leipzig. Ilitungwa Weimar, miaka tisa kabla hajahamia huko.

Kuchanganya korali na kwaya. Korali ni utenzi wa kanisa. Kwaya ni kundi la waimbaji, au kipande kinachoimbwa na kundi hilo.

Kuorodhesha ala bila kusema zinafanya nini. Kila ala uitajayo, ifuatishe na neno au wazo inalolihudumia.

MASWALI YA KUJIPIMA (bila majibu)

a) Taja vipande viwili ambavyo matarumbeta yanasikika, na ueleze tofauti ya kazi yake katika kila kimoja. (alama 4)

b) Chora mchoro wa kwaya ya kwanza ukionyesha sehemu, funguo na mpangilio wa maingilio ya sauti. (alama 6)

c) Oboi katika kipande cha tano inapiga utenzi usio na maneno. Je, msikilizaji asiyeujua utenzi huo anapoteza nini, na anabaki na nini? (alama 8)

d) Kiongozi wa kwaya hana matarumbeta, lakini anataka kuimba sehemu za kantata hii siku ya Pentekoste. Mshauri vipande vya kuchagua, kwa sababu zinazotokana na muziki wenyewe. (alama 10)